Kufufua duara la zamani: hatua kwa hatua kutoka mdomoni hadi chini

Maswali kuhusu duara la zamani (shimo la wima la mgodi) na matimba yake (magogo yanayoshikilia kuta) ni yaleyale kila kiangazi kinapoingia. "Duara la wazee limejaa maji, tukiyavuta si tunaingia tu?" "Matimba yanaonekana mazima, si yanatosha?" "Mshumaa ukishuka unawaka, hewa si ipo?" Jibu la yote matatu ni hapana. Mwongozo huu unaeleza kwa nini, na ufanye nini badala yake. Umeandikwa kwa ajili ya mwenye leseni ndogo, mwenye duara na msimamizi wa migodi ya dhahabu ya mwamba, kama ile ya Geita, Kahama, Chunya na Singida. Vipimo vyote hapa ni vya duara la mita 1.5 kwa 1.5 lenye kina cha mita 40. Lako likiwa tofauti, piga hesabu upya.

Swali la kwanza kabisa halihusu vifaa: waliotangulia waliacha kwa nini? Kama mgodi ulifungwa miaka ya 1950 au 1960, huenda jiwe bado lina mali, yaani dhahabu. Tangu 1934 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 bei ya dhahabu duniani ilifungwa kwenye dola 35 kwa aunsi, na gharama zilipopanda migodi mingi ilishindwa kujiendesha. Lakini kama waliacha juzi, kwa sababu ya maji au kuporomoka, basi tatizo hilo linakusubiri palepale walipoliacha. Waulize wazee wa eneo. Wanajua nani alifukiwa wapi na mkanda wa dhahabu (mstari wa jiwe lenye mali) ulipotelea upande gani.

Kabla ya kuanza, uwe na haya

Karatasi:

- Leseni hai ya uchimbaji mdogo inayofunika eneo hilo. Hudumu miaka 7, hivyo angalia tarehe. Kama leseni si yako, uwe na mkataba wa maandishi na mwenye nayo. Maneno ya mdomo huisha siku dhahabu inapoonekana.
- Ruhusa ya maandishi ya Afisa Madini Mkazi. Duara lililofungwa kwa amri ya serikali halifunguliwi kwa makubaliano ya wachimbaji wenyewe.
- Ramani za zamani, kama zipo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) pale Dodoma inatunza ripoti na ramani za tangu enzi ya ukoloni. Kwa migodi mikongwe kama Sekenke, ambako Wajerumani walipata dhahabu ya sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora 1916, chini kunaweza kuwa na njia ambazo hakuna mtu aliye hai aliyeziona.

Vifaa:

- Kipima gesi cha gesi nne (oksijeni, kabonimonoksaidi, haidrojeni salfaidi na methani), kilichokaguliwa na fundi ndani ya miezi 6.
- Feni ya kusukuma angalau mita za ujazo 20 za hewa kwa dakika, na bomba la turubai la sentimita 30 linalofika hadi chini.
- Pampu ya umeme ya kuzama inayoweza kupandisha maji mita 60, pamoja na jenereta.
- Winchi yenye breki inayojifunga yenyewe, fremu ya chuma, na kamba mpya ya chuma ya milimita 12. Kamba ya katani au nailoni si ya kushushia mtu.
- Mkanda wa usalama wa mwili mzima kwa kila anayeshuka, na kamba ya pili ya usalama iliyofungwa mbali na winchi.
- Kofia ngumu, mabuti, taa mbili kwa kila mtu, machela na sanduku la huduma ya kwanza.
- Matimba. Fremu moja kila mita 1 ni fremu 40. Kila fremu ina magogo 4 ya kulala na nguzo 4 za kuiunganisha na inayofuata, jumla vipande 320. Ongeza 40 kwa yatakayopasuka. Unene uwe sentimita 15 hadi 20. Mkaratusi unafaa, ila menya maganda yote, maana uozo huanzia chini ya ganda. Mabanzi na kabari ziwe nyingi kuliko unavyodhani.

Kabla ya kununua ndoo ya winchi, kumbuka kwamba fremu inakula nafasi. Duara la mita 1.5 kutoka mwamba hadi mwamba linabaki na mita 1.2 au chini ya hapo likishafungwa matimba.

Watu: watano ndio kiwango cha chini. Wawili chini, mmoja kwenye winchi, mmoja mdomoni mwenye daftari na kipima gesi, na msimamizi ambaye hashuki. Mwenye umri chini ya miaka 18 asikaribie eneo hili kwa kazi yoyote.

Hatua ya 1: Kagua ardhi kabla hujalisogelea shimo

Tembea eneo lote kwa mistari, watu wawili wameachana mita 5. Unatafuta nyufa za mviringo, ardhi iliyobonyea kama bakuli, na majani mabichi kupita kiasi wakati wa kiangazi. Maduara mengi ya zamani yalifunikwa kwa magogo, yakamwagiwa udongo, na nyasi zikaota. Magogo yanaoza. Kinachobaki ni kizibo cha udongo kinachoning'inia juu ya mita 30 za utupu.

Kwa hiyo usisimame kamwe juu ya kifusi kilichojaza duara, hata kama ng'ombe wamekuwa wakipita hapo miaka yote. Anayefanya kazi karibu afungwe mkanda, na kamba ishikwe na mti au chuma kilicho angalau mita 5 nje ya ukingo. Yape maduara yote namba, yachore kwenye karatasi moja, kisha yazungushie uzio. Unalotaka kulifufua ni moja, lakini utahitaji kujua ya jirani.

Hatua ya 2: Chungulia bila kuingia

Funga uzito kwenye kamba iliyowekwa alama kila mita 1, uishushe, uandike kina cha maji na kina cha chini. Kisha shusha simu inayorekodi video ndani ya mtungi wa plastiki unaoonyesha, pamoja na tochi inayowaka. Shusha polepole, mita 1 kwa sekunde 10. Itazameni video mkiwa pamoja na muandike: matimba yanaanzia na kuishia mita ngapi, ukuta upi umetoa tumbo, njia za pembeni ziko kina gani.

Ukiona popo, nyuki au nyoka, shughulikia hilo kwanza. Vumbi la kinyesi cha popo linaumiza mapafu, hivyo vaa barakoa nzito.

Hatua ya 3: Pima hewa

Shusha kipima gesi kwa kamba, usimame kila mita 3, ungoje dakika 2, kisha mbele. Andika kila kipimo. Mipaka ya kushuka ni hii:

- Oksijeni: kati ya 19.5% na 23%. Hewa ya kawaida ni 20.9%.
- Kabonimonoksaidi: chini ya 25 ppm (sehemu 25 kwa kila milioni ya hewa).
- Haidrojeni salfaidi: chini ya 10 ppm.
- Methani: isifike 1% ya hewa. Angalia kipimo chako, maana vingi huonyesha asilimia ya kiwango cha kulipuka. Hapo, 20 kwenye kioo ni karibu na 1% ya hewa.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Kipima cha gesi nne hakisomi hewa ya ukaa, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama chini ya maduara yaliyoachwa. Ikijaa, oksijeni hushuka kidogo tu. Ukisoma 20.0% badala ya 20.9%, usiseme "imepungua kidogo". Pengo hilo dogo linaweza kumaanisha hewa ya ukaa imefika 4%, kiwango cha kumwangusha mtu. Ukiona pengo, chukulia kuwa kuna gesi mpaka feni ithibitishe vinginevyo.

Mshumaa na kibatari si vipimo. Mwali hauoni kabonimonoksaidi kabisa, na kama kuna methani, umeshusha kiberiti.

Na hili lisomwe kwa sauti mbele ya kila anayefanya kazi hapo: mwenzako akianguka chini ghafla, usimfuate. Mvute kwa winchi, kwa sababu alishuka na mkanda. Washa feni, ita msaada. Kwenye ajali za gesi, mara nyingi maiti wa pili na wa tatu ni waliokwenda kuokoa.

Hatua ya 4: Jenga mdomo

Ondoa kifusi na udongo uliolegea mita 3 kuzunguka. Rundo la mawe yanayotolewa lisogezwe angalau mita 10, maana uzito wake ndio unaosukuma kuta za juu ndani. Chimba pembeni mpaka ukute ardhi ngumu, weka fremu ya kwanza ya matimba mazito juu yake, kisha mwaga zege kuizunguka. Mdomo uinuke sentimita 60 juu ya ardhi, na mfereji wa kukinga maji ya mvua upite upande wa mlima. Mwaka 1998 mafuriko yaliua makumi ya wachimbaji Mirerani. Maji ya juu ya ardhi yakishaingia kwenye mdomo, hakuna pampu itakayowahi.

Weka mfuniko wenye kufuli. Duara lisilo na mtu liwe limefungwa.

Hatua ya 5: Winchi na ishara

Miguu ya fremu ikae kwenye zege au mwamba, si kwenye udongo. Kamba ihimili angalau mara 10 ya uzito utakaoninginizwa, ikiwa ni pamoja na ndoo na kamba yenyewe. Kila asubuhi ipitishe kamba yote polepole kwenye kitambaa ulichokishika kwa glavu. Uzi uliokatika utanasa kitambaa. Kisha shusha na kupandisha ndoo yenye mawe ya uzito wa watu wawili kabla mtu hajapanda.

Ishara za kengele ziandikwe kwa rangi mdomoni na chini, mfano: 1 simama, 2 shusha, 3 pandisha mtu, 5 hatari. Mkikubaliana tofauti ni sawa, ila isiwe kichwani mwa mtu mmoja.

Ngazi iwekwe kadiri mnavyoshuka, na jukwaa la kupumzikia kila mita 6. Winchi ikifa, ngazi ndiyo njia yako ya kutoka.

Hatua ya 6: Ingiza hewa

Feni ikae mahali penye hewa safi, upande upepo unakotokea, na jenereta iwe mita 10 au zaidi upande wa pili. Ukikosea hapo, unasukuma moshi chini kwa bidii. Mdomo wa bomba usiwe mbali na kazi kwa zaidi ya mita 5. Duara letu lina mita za ujazo 90 hivi. Kwa hesabu, feni ya mita 20 kwa dakika inalijaza kwa dakika 5, lakini njia za pembeni huficha hewa mbovu na kuirudisha. Iache saa 2, kisha pima upya. Wakati watu wako chini, feni haizimwi, na kipima gesi kiko kifuani mwa mmoja wao.

Usitegemee kompresa ya kuchorongea kuwa ndiyo hewa ya kupumua. Ikipata joto kupita kiasi, mafuta yake yanaweza kutoa kabonimonoksaidi. Na ikizimika, hakuna akiba. Juni 2002 makumi ya wachimbaji wa Mirerani walikufa chini kwa kukosa hewa.

Hatua ya 7: Punguza maji, usiyakimbize

Maji yaliyokaa miaka yamekuwa yakiegemea kuta na kuzishikilia. Ukiyatoa haraka, maji yaliyobaki nyuma ya ukuta yanausukuma ndani, na ukuta hauna tena wa kuuzuia. Shusha maji mita 1 kwa siku kwenye udongo na mwamba uliooza, mita 2 kwenye mwamba mgumu. Vuta, simama, kagua, funga matimba, ndipo uvute tena.

Fanya jaribio hili siku ya kwanza. Zima pampu saa 1 na upime maji yamepanda kiasi gani. Yakipanda sentimita 20, hiyo ni mita 0.2 mara 2.25, sawa na lita 450 kwa saa. Pampu yako iwe na uwezo wa angalau mara 3 ya hapo.

Pampu ya petroli inayokaa juu haivuti maji zaidi ya mita 6 hivi, na hapo ndipo watu hufanya kosa la kuishusha ndani ya duara. Injini ya petroli au dizeli haishuki ndani. Hata kwa dakika 10. Kabonimonoksaidi iliyo kwenye moshi wake inaua, na yenyewe haina harufu ya kukuonya.

Ukisikia harufu kama ya yai bovu wakati maji yanatikisika, toka mara moja. Ni haidrojeni salfaidi, na ikizidi inaua uwezo wa kunusa kwanza, hivyo harufu "ikiisha" usifurahi. Maji usiyamwage mtoni. Yapitishe kwenye bwawa la kutuamisha tope na uyapime, kwa sababu yanaweza kuwa na asidi, arseniki au zebaki ya waliotangulia.

Hatua ya 8: Matimba, kutoka juu kwenda chini

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kanuni ni moja: juu ya kichwa chako kusiwe na sehemu ambayo hujaifunga.

Anza kwa kugonga ukuta kwa mtarimbo mrefu ukiwa umesimama chini ya fremu iliyokamilika. Mwamba mzima unalia kama chuma, mlio mkali unaorudi mkononi. Uliolegea unatoa mlio wa debe tupu, na ukiweka vidole vya mkono mwingine karibu, unausikia ukitetemeka. Huo ung'oe, kuanzia juu. Wa chini hakikisha ametoka kabisa kabla ya kung'oa chochote.

Timba la zamani lijaribu kwa bisibisi. Ikizama zaidi ya sentimita 1 bila kutumia nguvu, limekwisha, hata kama nje linang'aa. Utando mweupe kama pamba ni kuvu. Mti unaooza pia unakula oksijeni, sababu nyingine ya kuacha feni ikiwaka.

Timba bovu usiling'oe. Huenda ndilo pekee linaloshikilia tani za mawe nyuma yake. Weka fremu mpya juu yake na nyingine chini yake, kaza kabari, jaza mabanzi nyuma, ndipo ulikate vipandevipande kwa msumeno.

Fremu ikae hivi: magogo manne yakutane pembeni kwa kuchongwa, nguzo nne ziibane na fremu ya juu, mabanzi yasimame nyuma yakigusana, na nafasi kati ya mabanzi na mwamba ijazwe mawe au vipande vya mti mpaka mkono usipite. Wengi hukosea kwenye kujaza. Wanaweka fremu nzuri, wanaacha utupu nyuma, kisha jiwe linapata nafasi ya kuanguka na kuja na kasi. Fremu inashika ukuta uliotulia. Ukuta unaotembea huivunja.

Kwenye udongo na mwamba uliooza weka fremu kila sentimita 80. Kwenye mwamba mgumu uliokaguliwa mita 1 hadi 1.2 inatosha. Timu ya watu wawili wenye uzoefu ikimaliza fremu mbili kwa siku imefanya vizuri. Usiwalipe kwa mita, kwani malipo ya mita ndiyo yanayoacha utupu nyuma ya mabanzi.

Kipindi hiki cha ukarabati ndicho cha hatari kuliko uchimbaji wenyewe. Agosti 2025 huko Nyandolwa, Shinyanga, wachimbaji 25 walifukiwa maduara yakiwa kwenye ukarabati. Punguza watu walio chini hadi wale tu wenye kazi ya mkono.

Hatua ya 9: Kufika chini

Tope na kifusi cha chini vitolewe kwa tahadhari, kwa sababu chini yake kunaweza kuwa na ghorofa ya magogo, na chini ya ghorofa utupu. Choma mtarimbo kabla ya kukanyaga, na mkanda usifunguliwe.

Matundu ya zamani ya kuchoronga yaangalie moja moja. Baruti iliyokwama haifi kwa kuzeeka, na ile inayotoa jasho la mafuta ni ya hatari zaidi. Ukiona waya, kofia ya baruti au karatasi ya kahawia ndani ya tundu, toeni watu wote, funga duara, mwite Afisa Madini na mlipuaji mwenye kibali. Usichoronge ndani ya tundu la zamani hata likiwa tupu kwa macho.

Hatua ya 10: Njia za pembeni na mlango wa pili

Kazi ya kwanza chini ni kufungua njia ya kwenda duara la pili, kabla ya kufuata mkanda wa dhahabu. Maduara mawili yaliyounganishwa yanavuta hewa yenyewe, moja likiingiza na jingine likitoa, na moja likizibika kuna pa kutokea. Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai Novemba 2015 baada ya siku 41 chini ya kifusi. Hilo lilishangaza nchi nzima kwa sababu si la kawaida.

Nguzo za mwamba walizoacha waliotangulia usiziguse. Zitakuwa na dhahabu, na ndiyo maana zinatamanisha. Ziliachwa ili dari ikae.

Ukisikia milio ya nyundo upande wa pili wa mwamba, simama. Piga ramani, ongea na jirani, peleka suala kwa Afisa Madini kabla ya mtobozano (njia zenu kutobokeana chini). Zaidi ya ugomvi wa mpaka, upande wa pili kunaweza kuwa na maji yaliyojaa au baruti iliyotegwa.

Hatua ya 11: Pima jiwe kabla ya kununua karasha (mashine ya kusaga mawe)

Chukua sampuli kila mita 2 kukatiza mkanda wa dhahabu, kilo 2 hadi 3 kila moja, zenye upana sawa toka ukingo hadi ukingo. Usichague jiwe linalong'aa. Peleka maabara, na utoe wastani wa zote. Sampuli moja nzuri imewauzia watu wengi nyumba zao.

Ukikwama

*Oksijeni inashuka kila asubuhi ingawa jioni ilikuwa sawa.* Njia ya pembeni inapumua hewa mbovu usiku, hasa mvua inapokaribia na mgandamizo wa hewa kushuka. Iwashe feni saa 2 kabla ya zamu, na uzibe njia hiyo kwa ukuta wa mabanzi na udongo.

*Maji hayapungui ingawa pampu inafanya kazi.* Angalia kwanza kama bomba la kutolea linamwaga mahali ambapo maji yanarudi ardhini. Baadaye pima maduara ya jirani. Kama nayo yanashuka, unavuta maji ya mgodi mzima, na gharama mgawane.

*Matimba yanalia.* Mlio mmoja mmoja baada ya kukaza kabari ni mti unakaa. Milio inayofuatana, vumbi jepesi likidondoka bila mtu kugusa, au kabari kupasuka: toeni watu, msihesabu vifaa. Ngoja saa 24, kisha kagua kwa kamera kabla ya mtu kushuka.

*Fremu imepinda upande mmoja.* Ukuta huo unasukuma. Ongeza fremu katikati ya zilizopo, toboa mabanzi matundu madogo ili maji ya nyuma yatoke, na uchunguze kama rundo la kifusi juu liko upande huohuo.

*Idadi ya waliotoka hailingani na ya walioshuka.* Weka ubao mdomoni wenye misumari. Kila anayeshuka anatundika kibati chenye jina lake, na akipanda anakichukua kwa mkono wake mwenyewe, si kwa kuchukuliwa na mwenzake. Mfuniko haufungwi kibati kikiwa bado kinaning'inia.